Aliyeachwa kwenye Jiwe la Pimbi

Mume wa mpima macho alishuka kilimani bila miwani, na wala hakujikwaa.

Hilo ndilo lililokuwa la kwanza, na lilikuwa dogo kiasi kwamba mkewe alilicheka. Mtu ambaye kila asubuhi alipapasa meza kama anayetafuta sindano gizani, ambaye bila vioo vyake vizito aliwahi kulisalimia koti lililotundikwa mlangoni na kuliuliza habari za watoto, leo ametangulia mbele kwenye njia ya mawe na miiba, mikono nyuma, anakanyaga panapokanyagika, kama anayeshuka ngazi za nyumbani kwake.

"Bwana Ndege, miwani yako iko wapi?"

"Imeanguka huko juu," akajibu bila kugeuka. "Sitaihitaji."

Mke akadhani ni mzaha. Mumewe alikuwa mtu wa mizaha.

Ilikuwa Jumapili, na walikuwa wametoka kwenye mchezo wao wa vikasha. Mke ndiye aliyeuanza. Watu wasiojuana huficha vikasha porini, mabondeni, chini ya madaraja, kisha huonyesha mahali hapo kwenye ramani ya simu; wengine huvitafuta, wakivipata huandika jina kwenye kikaratasi kilichomo na kuvirudisha palepale. Ndani huwa na vikorokoro, na sheria ya vikorokoro ni moja: ukichukua kitu, acha kitu. Kwa mwanamke anayeshinda wiki nzima kwenye chumba chenye giza, akiwauliza watu kama herufi inaonekana vizuri zaidi kwa lenzi hii au hii, kupanda kilima kutafuta kisanduku kilikuwa likizo. Mumewe, mchora mabango, hakujali vikasha hata kidogo. Yeye alifuata ndege. Ndiyo maana mtaani wakamwita Bwana Ndege, na yeye akamwita mkewe Daktari, ingawa mke alimkumbusha kila mara kwamba hakusomea udaktari.

Asubuhi ile kilima kilikuwa kimeamka vizuri. Ndege chozi walining'inia kwenye maua mekundu, tumbili walikuwa wakigombana juu ya mti kama wapangaji wa nyumba moja, na kinyonga mmoja alivuka njia kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa. Mume alisimama kwa kila mmoja. Kurumbiza alipoimba kichakani, akamjibu kwa mluzi, na kama kawaida akaikosa sauti ya mwisho. Ndege akanyamaza, akaimba upya, kana kwamba anamfundisha.

"Umesahau maji tena," mkewe akasema.

"Nimeyaacha mezani."

"Ndiyo maana yake, kusahau."

Alikuwa amechoka naye kidogo siku ile, uchovu ule wa ndoa usio na kosa kubwa ndani yake. Amekoroma usiku kucha. Amesimulia tena kisa cha bango alilokosea herufi. Na sasa jua linapanda, na hakuna maji.

Jiwe la Pimbi liko karibu na kilele, mwamba mkubwa uliopasuka katikati. Pimbi walikuwa wamejianika kila mahali, wanene, macho yamefumba nusu, na mawe yote yalikuwa na michirizi myeupe ya mikojo yao ya miaka na miaka. Ila pale penye ufa. Pale jiwe lilikuwa safi, jeusi, lenye unyevu. Hapakuwa na pimbi, wala kinyesi chake, wala sisimizi. Pimbi waliokuwa jirani walikuwa wameupa ufa ule mgongo.

"Tazama," mume akanong'ona. "Wanaogopa kitu."

"Wanakuogopa wewe," mke akasema, akaingiza mkono, akatoa kikasha.

Kilikuwa kibati cha kawaida chenye gololi, kishikio cha funguo, kigari kisicho na gurudumu, na kifungo kimoja kikubwa cha pembe, cheusi, kizuri. Koti la mumewe lilikuwa limepoteza kifungo tangu zamani. Akakichukua. Kisha akajipapasa mifukoni, hakuona kitu.

"Acha hata pini ya nywele," mume akamwambia.

"Nywele zangu zimefungwa kwa kitambaa. Sina cha kuacha ila wewe." Akacheka, akainama kwenye ufa, akapaza sauti kama mchuuzi sokoni. "Haya, nani anamtaka? Anakoroma, anasahau, lakini anakula chochote! Nimemwacha! Chukua!"

Wakacheka wote wawili. Ufa ule haukurudisha mwangwi. Mume, kwa kuwa alikuwa na mkono mrefu, akakichukua kikasha akakirudisha ndani, mkono ukaingia mpaka begani, shavu likagusa jiwe.

"Kuna baridi huku," akasema.

Mwewe akapita juu yao, na mke akainua uso kumtazama. Alipoushusha, mumewe alikuwa amesimama wima anapangusa mikono, uso mtupu, hana miwani. Na pimbi wote walikuwa wametoweka.

Jioni ile mke alishona kifungo kwenye koti. Mumewe akalivaa palepale, akalala nalo. Hakukoroma.

Wiki iliyofuata nyumba yao ilibadilika, na ilibadilika kuwa nzuri. Mume aliamka kabla ya mkewe akachemsha maji. Alisikiliza. Mke akisimulia habari za mteja aliyelilia fremu ya bei ghali kisha akaiketia, mume alimtazama usoni mpaka mwisho, hakudakia kisa chake mwenyewe. Mabango aliyachora kwa mkono mtupu, bila rula wala chaki, na mistari ikanyooka kama uzi. Jirani wa mlango wa pili, ambaye mumewe mwenyewe alikuwa mzigo, akamvuta mke pembeni.

"Shoga, huyo umempeleka wapi? Niambie na mimi nimpeleke wangu."

Mke akacheka, lakini kicheko kikamkauka njiani.

Kwa sababu kulikuwa na mengine. Uani mume alikuwa na kigae alichokuwa akiwawekea ndege punje za mchele, na kila asubuhi ukuta ulikuwa ukijaa shorewanda na njiwa. Sasa mchele ulikaa mpaka ukaota ukungu. Sukari ilipomwagika mezani, sisimizi walikuja kwa mstari wao, na mstari ule ulipofika karibu na kiti cha mume ukapinda, ukazunguka mbali, ukarudi kwenye njia yake upande wa pili. Kulikuwa na harufu pia, si mbaya, harufu ya jiwe lililolowa, ya mahali pasipofikiwa na jua, ambayo ilibaki kwenye mto na kwenye taulo hata baada ya kufuliwa. Na hakumwita tena Daktari. Alimwita mke wangu. Kila mara, kwa upole uleule, mke wangu.

Mama mkwe wake, mama wa mume, aliishi nao, chumba cha uani. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yake yote mawili, akawa anasubiri zamu ya upasuaji. Aliona mwanga na vivuli, basi. Alishinda kwenye kibaraza akisuka mikeka kwa vidole, na aliwajua watu kwa miguu yao.

"Mkamwana," akamwambia siku moja, kwa sauti ya chini, vidole havikusimama. "Yule mgeni ataondoka lini?"

"Mgeni gani, Mama?"

"Huyo anayeniamkia kila asubuhi kwa sauti ya mwanangu."

Mke akatazama mlango wa jikoni. Ulikuwa wazi. "Mama, ni yeye. Ni mwanao."

"Mwanangu akija hunigusa bega kwanza ili nisishtuke, ndipo aseme shikamoo. Huyu husimama mbali. Na pumzi yake siisikii." Akauvuta mkeka karibu. "Mtu hupumua, mwanangu. Hata mwizi hupumua."

"Uzee huo, Mama," mke akasema, kwa ukali ambao hakuukusudia, akaingia ndani.

Lakini neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea. Jioni ile waliketi yeye na mumewe sebuleni bila kuwasha redio, na mke akajikuta anasikiliza. Alisikia saa ya ukutani. Alisikia pumzi yake mwenyewe. Alisikia maji yakitembea kwenye bomba la jirani. Kutoka kwenye kiti cha pili hakusikia kitu.

Kesho yake akamwomba aje kwenye duka lake la miwani apimwe macho. "Nataka kujua yamepona vipi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kikazi kabisa. Akamkalisha kwenye kiti kirefu, akazima taa, akamwonyesha herufi. Mume akasoma mistari yote mpaka ule wa chini ambao watu hukisia, akaendelea na maandishi ya kiwandani yaliyo kama vumbi pembeni mwa karatasi. Basi mke akachukua tochi yake ndogo ya kutazamia ndani ya jicho, akasogea mpaka nyuso zao zikakaribia kugusana, harufu ile ya jiwe ikimjaa puani, akamulika.

Mboni ya jicho la mtu ikimulikwa hujikunja. Ile haikujikunja. Ilibaki wazi kama mlango, na ndani yake, mahali ambapo kwa miaka yote ya kazi alikuwa akiona wekundu wa kawaida na mishipa iliyotawanyika kama mizizi, aliona kijivu, kijivu cha mwamba, na chini ya mwamba ule aliona mtu mdogo kama punje, amekaa amekumbatia magoti, na mtu yule alipopigwa na mwanga akainua kichwa, na mwanga ukametameta kwenye vioo viwili vizito usoni mwake, akainuka, akaja, akaja mbio, akabandika viganja vyote viwili kama mtu aliyefungiwa nje ya dirisha, akapanua mdomo.

Mke akazima tochi.

"Umeona nini, mke wangu?" sauti ikauliza gizani, karibu sana.

"Macho yako mazima," akasema. "Mazima kabisa."

"Najua."

Mtu atadhani alitoka pale mbio akapiga yowe. Hakufanya hivyo. Alifunga duka, wakarudi nyumbani pamoja, na yule aliyekuwa pembeni yake akambebea mkoba. Usiku yule alimpikia, akamkanda miguu, akamwambia apumzike. Mke akalia kimyakimya, na yule akamfuta machozi bila kuuliza sababu, jambo ambalo mumewe hakuwahi kulifanya tangu waoane. Kesho, mke akajiambia. Kesho nitamwambia Mama. Kesho ikaja na maji ya moto na maneno mazuri, na mke akasema moyoni labda ni uchovu, labda lenzi ya tochi ilikuwa na ukungu, labda kesho. Hakuimulika tena ile mboni. Akijua mtu anagonga dirisha, akatazama pembeni.

Kilichomwamsha ni maneno ya mezani. Walikuwa wanakula, mama mkwe amekwishalala, na yule akaweka kijiko chini polepole.

"Mama amenichoka," akasema. "Anasema nami kama na mgeni. Jumapili tumpeleke kilimani."

"Haoni. Atapandaje?"

"Nitamshika mkono. Kule hakuna anayezeeka, mke wangu. Na nafasi ipo." Akatabasamu kwa huruma kubwa. "Wewe useme tu kama ulivyosema siku ile."

Asubuhi mke alipiga magoti kibarazani, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe wake, akamwambia yote: kifungo, mzaha, jicho. Alimnong'oneza kwa kuwa yule alikuwa ndani anapiga mswaki, kama ilikuwa ni kupiga mswaki. Mama alisikiliza. Vidole vyake vilisimama kwa mara ya kwanza.

"Yuko hai?"

"Alikuwa hai, Mama."

"Basi Jumapili twende."

"Anataka kukuacha wewe kule!"

"Nimesikia anachotaka. Kifungo kiko kwake, na ufa uko kule. Sisi wawili hatuwezi kumbeba, acha aende kwa miguu yake." Akamshika mkamwana kidevu. "Neno lilitoka kinywani mwako. Mimi siwezi kukutemea wala kukumezea. Unanisikia? Utalirudisha wewe."

Walipanda wote watatu. Hapakuwa na ndege hata mmoja, hapakuwa na tumbili, hapakuwa na hata nzi, kilima kizima kilikuwa kimejiondoa mbele yao kama watu wanavyopisha jeneza, na yule alitangulia na koti lake limefungwa vifungo vyote katika joto lile, akigeuka kila baada ya kona kuwaambia kwa sauti tamu hapa pana mzizi, Mama, hapa pana jiwe, na mama akaitikia asante baba, asante baba, huku kucha zake zimezama kwenye mkono wa mkamwana wake, na mke akatembea akitazama kisogo kile alichokinyoa mwenyewe mara nyingi kwa wembe, kovu lilelile, mkunjo uleule wa shingo, akiwaza kwamba akifika juu na kumpoteza huyu huenda atabaki bila yeyote, na akiwaza pia, Mungu amsamehe, kwamba bado upo muda wa kugeuka nyuma, kurudi nyumbani, kunywa maji ya moto.

Jua lilikuwa utosini walipofika. Ufa ulikuwa umelowa. Yule akamkalisha mama juu ya jiwe kwa uangalifu, akamkunjia kitambaa cha kukalia, akasimama kando, mikono nyuma.

"Sema," akamwambia mke.

Mke akakusanya mate mdomoni. "Nakurudisha wewe. Namtaka mume wangu."

Hakikutokea kitu. Yule akatikisa kichwa, si kwa hasira.

"Umesema kwa sababu Mama anasikiliza. Mimi sisikii maneno yanakofika. Nasikia yanakotoka." Akasogea hatua. "Nimekukosea nini? Nimekukoromea? Nimekusahaulia maji? Tulikaa vizuri, mke wangu. Uliniona siku ile kwenye taa, ukajua, ukanipa mkoba wako nikubebee, tukaenda nyumbani. Onyesha uongo kama upo."

Mama mkwe akageuza uso kuelekea kwa mkamwana wake. Uongo haukuwepo.

Ndipo kutoka ndani ya ufa ikatoka sauti. Ilikuwa mluzi, mkavu, wa midomo iliyopasuka, mtu akiiga wimbo wa kurumbiza: ukapanda, ukashuka, ukapinda, na sauti ya mwisho ukaikosa. Ukanyamaza. Ukaanza upya. Ukaikosa tena.

Mke akauinamia ufa.

"Unaikosa!" akapiga kelele. "Miaka yote hii, mpumbavu wee, sauti moja tu, unaikosa!" Akawa analia na kutukana pamoja, na wala hakumkumbuka tena yule wala mama wala maneno yanayofaa. "Toka huko! Nani alikwambia ukae? Toka twende nyumbani, nimechoka kulala peke yangu!"

Yule akarudi nyuma kidogo. Mke akamrukia, akamkamata koti kifuani, na kwa kuwa hakuwa na mkasi, akaukata uzi kwa meno. Kifungo kikamwingia mdomoni. Kilikuwa na ladha ya udongo wa chini sana. Yule hakumzuia. Alimtazama tu kwa karibu, kama mtu anayesikitika.

"Sikuiba," akasema. "Nilipewa."

Mke akakitema kifungo kiganjani, akaingiza mkono kwenye ufa mpaka begani. Baridi ikamkata. Akakiachia kifungo, hakukisikia kikianguka popote. Akapapasa. Jiwe, jiwe, maji, na halafu vidole, vyembamba, baridi kama vya maiti, vikamshika kifundo cha mkono.

"Daktari?" ikasema sauti ndani ya ufa.

"Daktari," ikasema sauti ileile nyuma yake, kwa upole, karibu na sikio. "Nimeanguka. Mguu umeteguka. Geuka unisaidie."

Sauti zote mbili zilikuwa za mumewe. Hakujua ameshikwa na nani, hakujua ameitwa na nani, shavu lake limebanwa kwenye jiwe na jicho moja linaona jua tu.

"Vuta!" mama mkwe akapiga kelele kutoka pale alipoketi. "Usigeuke, mwanangu! Huyo wa nyuma hapumui! Vuta!"

Akavuta. Alivuta mpaka bega likalia, mpaka ngozi ya mkono ikachunika, na sauti ya nyuma ikaendelea kumwita, Daktari, Daktari, mara ya upole, mara ya kulia, mara ya mtoto, mara ikawa si ya mtu tena bali ya upepo unaopita mahali pembamba. Namna mtu mzima alivyopita kwenye ufa ambao kibati kilipita kwa shida, mke hajawahi kuieleza, na mama hakuona. Kilichojulikana ni kwamba uzito uliachia ghafla, mke akaanguka chali, na juu ya kifua chake akaanguka mwanamume mwenye ndevu na mifupa, anatetemeka, kioo kimoja cha miwani kimepasuka, anapumua kwa kelele kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Mama alitambaa kwa magoti juu ya mawe mpaka akamfikia. Akamgusa bega kwanza.

Juu ya mwamba palikuwa na koti tupu, limelowa chapachapa. Na pembezoni mwa jiwe, mmoja mmoja, pimbi wakaanza kutoa vichwa.

Waliwaambia majirani kwamba aliugua homa, na kwa jinsi alivyokonda hakuna aliyebisha. Mama alifanyiwa upasuaji wa macho mwaka uleule. Mkono wa kulia wa mke ulipona ngozi, lakini vidole viwili havikurudi kuhisi kitu, akajifunza kushika tochi kwa kushoto. Alimwandikia pia aliyekificha kikasha kile, akimsihi akiondoe kwenye ramani. Jibu lilikuja kesho yake, fupi na la adabu. Mtu yule alisema kikasha chake yeye alikificha bondeni, chini ya daraja la reli, kimo palepale mpaka leo. Kilima hicho hajawahi kukipanda, na alikuwa akijiuliza nani ameihamisha alama yake kwenye ramani. Mke alipofungua ramani tena, alama ilikuwa bado juu ya kilima. Chini yake kulikuwa na jina la mchezaji mgeni aliyeandika, kwa furaha, kwamba amekipata.

Mume alikuwa mwepesi wa kuamka na mzito wa kusema. Alikula, alipaka rangi, alimtania mama yake. Habari za kule ndani hakuzigusa, na mke hakuuliza, mpaka jioni moja walipokuwa wamelala bila kuzima taa, kila mmoja anatazama dari.

"Kule palikuwa na dirisha," mume akasema.

Mke akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Siku nyingi lilikuwa giza. Siku moja likawaka, nikauona uso wako. Mkubwa, umejaa dirisha zima. Niliona unavyokunja kope, kama unavyofanya ukimpima mtu. Nikagonga." Akainua kiganja, akakibandika hewani. "Ukazima."

"Ndiyo."

"Nikasema sasa ameniona, kesho atakuja."

Nje pikipiki ilipita, taa yake ikafagia ukuta ikaondoka. Mke angeweza kusema aliogopa. Angeweza kusema hakuamini macho yake. Maneno yote mawili yalikuwa tayari kwenye ulimi, na yote yangekubalika.

"Alikuwa mwema kwangu," akasema. "Nilitaka jioni moja zaidi."

Mumewe akageuza uso kutoka darini.

"Jioni ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nilihesabu," akasema.

Akavua miwani, akaiweka chini kando ya kitanda, akageukia ukutani. Lakini shuka hakulivuta lote. Nusu alimwachia mkewe.